Kipenyo cha Puli Ndogo

3 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na masikio yako yamebaki walau robo. Juzi mama alikupa simu tuongee, wewe ukawa unapiga kelele tu, "Nani? Nani huyo?", mpaka akakunyang'anya. Nilicheka hadi mwenzangu wa chumbani akadhani nimepata wazimu. Basi nimeona bora nikuandikie, karatasi haina haja ya masikio.

Mimi sijambo. Chumba chetu kina dirisha moja linaloangalia ukuta, lakini ukitoa kichwa nje unaona kipande cha barabara na muuza viatu. Msalimie baba, mwambie ule wimbo anaoimba akisaga nimewaimbia wenzangu, wote wameuchukia.

Sasa shida yangu. Shahada hii, kama nilivyokueleza, ni mchanganyiko: mitambo, umeme, usanifu, na afya ya jamii juu yake. Hatufanyi mtihani mmoja mkubwa. Kila muhula tunapewa mradi, na mradi ndio mtihani wenyewe. Mradi wa kwanza ni kuchagua mashine ya kweli, inayofanya kazi kweli, kuichora na kukokotoa kama inazunguka inavyopaswa. Wenzangu wamechagua lifti, mmoja kachagua mashine ya kufulia ya hospitali. Mimi nimechagua mashine ya kusaga ya baba, na yale magurudumu yake mawili ya mkanda, puli kama mnavyoyaita.

Naomba vipimo vinne: kipenyo cha puli kubwa ya kwenye injini, kipenyo cha puli ndogo ya kwenye kinu, umbali kati ya shafti mbili zinazozibeba, na urefu wa mkanda. Uviandike kwa mkono wako mwenyewe, maana mwalimu anataka karatasi ya fundi ibandikwe kwenye daftari la mradi. Picha za simu hataki.

Na tafadhali, mjomba, vaa miwani.

Mpwa wako,
Injinia (bado mbichi)


15 Septemba

Injinia,

Marahaba. Masikio yapo, nimeyahesabu, ni mawili.

Huku sote wazima. Mama yako amekuwa hatari. Pale dukani barua zinapofikia hakuna mtu anayenunua hata kiberiti bila kuambiwa kwamba binti yake anasomea mashine. Juzi mwenye duka kamuuliza, "Kwani atakuja kutengeneza redio yangu?" Dada yangu akamwangalia kama mtu aliyetukana ukoo mzima.

Baba yako naye anasema, kama unataka kujua mashine yake inazungukaje, ungemuuliza yeye, angekuzungushia kwa mkono. Lakini tangu asikie umechagua ya kwake ukaacha lifti, anatembea kifua mbele. Ameipiga rangi injini. Nilimwambia, shemeji, mwalimu haji hapa. Akasema, "Huwezi kujua."

Vipimo hivi hapa. Puli kubwa sentimita 30. Puli ndogo sentimita 16. Kati ya shafti na shafti 120. Mkanda 307. Ilibidi nifungue mfuniko wa mkanda, bolti nne, moja imeota kutu ikanitoa jasho la karne. Jioni nimeufunga tena, kwa sababu unamjua shemeji, ana kelele za mfuniko kuliko askari wa barabarani. Mashine haiwashwi bila mfuniko, hata mteja awe amesimama na gunia kichwani.

Miwani sikuvaa. Macho yangu hayana tatizo, tatizo ni mwanga wa siku hizi.

Mjomba wako


24 Septemba

Mjomba,

Shikamoo tena. Nimefurahi sana kuhusu rangi ya injini, nimewasomea wenzangu kile kipande, na sasa wanamwita baba "Huwezi Kujua". Wanauliza habari zake kuliko zangu. Mimi mzima, ila kikohozi kidogo cha vumbi la karakana.

Samahani, hesabu hazifungi. Ukichukua puli zako mbili na ule umbali, mkanda unatakiwa uwe kama 313. Wewe umepima 307. Sentimita sita zimeenda wapi? Mkanda ni rahisi kupima, kwa hiyo nadhani kosa liko kwenye puli ndogo. Pima tena, ukiwa na miwani, usinitie aibu.

Na safari hii ukishafungua mfuniko, usihangaike kuurudisha. Uache wazi mpaka nikujibu kwamba hesabu zimefunga, nisije nikakufungulisha ile bolti yenye kutu mara ya tatu. Nakuonea huruma. Kazi inakusanywa tarehe 20 ya mwezi ujao, muda upo.

Mpwa wako msumbufu


9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Najua hujaandika tangu nilipoondoka baada ya mazishi, na nimejaribu kupitia simu ya mama lakini kila nikikutaja anasema uko mbali, au amesahau, au chaji inaisha. Labda na wewe hutaki. Sikulaumu. Mimi mwenyewe kuna siku nzima napita bila kutamka neno, na wenzangu wameshazoea, wananisogezea sahani tu.

Mama anaendeleaje? Kwenye simu ananiambia mzima, mzima, mzima. Ananiuliza nimekula nini. Hatumzungumzii baba. Yeye hamtaji na mimi simtaji, tunamzunguka kama mtu aliyelala katikati ya chumba.

Nakuandikia kwa sababu ya mradi wa muhula huu. Tuko watano kwenye kikundi: wa umeme, wa usanifu, wa afya, binti mmoja wa takwimu asiyecheka, na mimi wa mitambo. Kazi ni kupunguza ajali mahali pa kazi. Nimependekeza mfuniko wa mkanda usiotumia bolti: una bawaba kama mlango, na ukiufungua tu injini inazima yenyewe. Wamekubali. Sikuwaambia ni kwa ajili ya nani. Kwenye daftari nimeandika "mfanyakazi mmoja, mwenye umri wa miaka hamsini na minne".

Kuna fomu tunaiita fomu ya chanzo. Unaandika kilichotokea, halafu unauliza kwa nini, ukipata jibu unauliza tena kwa nini, mpaka kwa nini ziishe. Mwalimu anasema ajali haina sababu moja, na ukishika ya kwanza ukaondoka umefanya kazi nusu. Kikundi kimenipa mimi kuijaza. Nimeiambatanisha. Juu kuna vipimo vya mashine, chini kuna maswali: Mfuniko ulikuwepo? Nani aliuondoa mara ya mwisho? Kwa nini?

Jaza kweli, mjomba. Sikuulizi ili nikulaumu.

Halafu ile barua yangu ya mwisho ya Septemba, sijui kama iliwahi kufika. Si muhimu. Nauliza tu.

Mpwa wako


2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kukaa kimya. Mkono ulikuwa mzito.

Huku hatujambo. Mama yako anakusalimu sana. Tunakula, tunalala, tunaamka. Mimi siku hizi natengeneza baiskeli na pampu za maji, kazi ndogondogo. Mashine walikuja wakaguzi siku ile ile wakaifunga kwa kufuli, na ufunguo wanao wao. Sijaingia mle tangu siku hiyo, na sitaki kuingia hata wakinilipa.

Nimejaza fomu yako kama ifuatavyo.

Puli kubwa 30. Puli ndogo 12. Kati ya shafti 120. Mkanda 307.

Mfuniko ulikuwepo? Haukuwepo.

Nani aliuondoa? Mimi.

Kwa nini? Ulikuwa unapiga kelele, unatikisika, ukanikera.

Kwa nini ulitikisika? Sikuukaza vizuri.

Kwa nini hukuukaza? Uvivu.

Hapo kwa nini zimeisha. Andika uvivu wa fundi, mwalimu wako ataelewa, dunia imejaa mafundi wa namna hiyo. Baba yako alinikuta hivyo na akanivumilia miaka kumi na tisa, mpaka siku ambayo hakuwa na nafasi ya kuvumilia.

Kuhusu barua yako ya Septemba, ilifika wiki mbili baada ya mazishi. Sikuifungua. Nimeiweka tu.

Soma, mpwa wangu. Huo mfuniko wenye bawaba ni kitu kizuri. Ungekuwepo mapema, basi tena.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo.

Mara ya kwanza, bila miwani, uliniandikia puli ndogo ni 16. Nikakwambia haifungi. Sasa umeniandikia 12, na kwa 12 hesabu inafunga, mkanda unakuja 307 kasoro kidogo. Ni namba sahihi. Mtu hawezi kuipata bila kuweka tepu juu ya puli, na mfuniko ukiwa umefungwa puli haionekani.

Umesema hujaingia kule tangu siku ile. Kwa hiyo ulipima tena kabla ya siku ile. Na hakuna aliyekuambia upime tena isipokuwa mimi, kwenye ile barua unayosema hukuifungua.

Nimekaa na karatasi zako mbili mbele yangu tangu asubuhi. Binti wa takwimu kapita akaniuliza kama naumwa, nikamwambia nakagua namba.

Mjomba, usinifanye mtoto. Niambie barua yangu ilifika lini.

Mpwa wako


28 Aprili

Mwanangu,

Nimeianza barua hii mara sita. Tano nimezichana.

Nilidhani nina akili. Nilikaa na fomu yako siku nzima nikipanga uongo wa kila mstari, halafu nikaja kukosea kwenye namba, kitu pekee nilichokiandika bila kufikiria. Miaka yote nilijivunia kwamba nikishapima kitu sikisahau.

Barua yako ilifika Ijumaa. Jumamosi asubuhi, kabla ya wateja, nikafungua mfuniko, nikavaa miwani. Ndiyo, nilivaa. Ilikuwa 12. Ile 16 sijui niliiona wapi, labda nilisoma upande mwingine wa tepu. Ningevaa ile miwani siku ya kwanza usingekuwa na haja ya kuniandikia tena, na hilo nalo liweke kwenye fomu yako, ni la kweli kuliko yote niliyojaza.

Mfuniko nikauegemeza ukutani. Shemeji akaja, akauona. Nilijua atawaka. Akasema, "Huo unafanya nini huko?" Nikamwambia, "Injinia kasema uachwe wazi mpaka ajibu." Akautazama tena. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha mabega. Akasema, "Injinia akishasema, mimi ni nani?" Akaenda kuwasha.

Hilo ndilo nililokuficha. Si barua. Barua ningeweza kuitafutia maneno. Ila mtu yule ambaye hakuwahi hata siku moja kuwasha bila mfuniko, aliwasha siku nne mfululizo, na alikuwa anafurahi. Kila mteja aliyemuuliza alimwambia, "Tunafanya utafiti." Sikutaka ujue kwamba alifurahi.

Jumanne nilikuwa chumba cha pembeni nakuandikia jibu. Nilikuwa nimeshaandika kwamba ulikuwa sahihi. Nikasikia injini imebadilika sauti. Hata kwa masikio haya nilisikia. Yaliyobaki uliambiwa, na yalikuwa hivyo hivyo. Mkono wa shati, na mkanda haukumwachia. Nilizima, lakini nilichelewa.

Pale msibani walipouliza nani kaacha wazi, nikasema mimi, nimesahau. Haikuwa uongo mkubwa. Wewe ulikuwa mbali, ulikuwa na huruma na bolti yangu. Mimi ndiye fundi, mimi ndiye niliyekuwa pale. Ningeweza kukudharau kidogo nikaufunga. Fundi mzima nimechukua amri ya mashine kutoka kwa mtoto wa mwaka wa kwanza kwa sababu nilikuwa najivunia naye.

Sasa nikuombe kitu. Nilikuandikia kwamba mama yako anakusalimu. Hakukusalimu. Tangu siku ile dada yangu hazungumzi na mimi. Akitaka kuniambia kitu anamwambia paka. "Paka, mwambie huyo maji yamekatika." "Paka, huyo chakula chake kipo." Na mimi namjibu paka, nasema ahsante. Ukituona utacheka, halafu hutacheka. Chakula ananiwekea kwenye ngazi na mimi nakula kule chumbani kwangu.

Usimwambie ukweli. Nakushika miguu. Akinichukia mimi, bado ana mtoto. Akijua, atabaki na nani? Mimi nimeshazoea, na paka naye hana maneno mengi.

Mjomba wako


12 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Sikuweza kukujibu haraka. Nililala siku tatu. Wenzangu walimleta mwalimu mpaka chumbani, akasimama mlangoni hajui aweke wapi mikono yake.

Tulikuwa na siku ya kuwasilisha mradi. Mfuniko wetu umetoka vizuri, mjomba. Una bawaba mbili na swichi ndogo. Tuliutia kwenye mashine ya majaribio, ukiunyanyua tu injini inakufa. Watu wakapiga makofi. Halafu mwalimu akauliza, "Na chanzo cha ile ajali yenu kilikuwa nini?" Binti wa takwimu akafungua daftari akasoma ile fomu yako: "Uvivu wa fundi."

Nikasimama. Nikasema, "Hapana. Futa hiyo."

Akasema, "Ndivyo ulivyotuletea."

"Nililetewa uongo. Fundi si mvivu. Fundi aliambiwa aache wazi."

Mwalimu akauliza, "Aliambiwa na nani?"

Nikasema, "Na mimi. Marehemu ni baba yangu."

Walidhani natania. Kuna mmoja nyuma alicheka. Binti wa takwimu hakucheka, yeye hacheki, akafunga daftari polepole, akaja akanishika mkono akanitoa nje, tukakaa kwenye ngazi za karakana. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, halafu akanipa leso yake, ina harufu ya dawa ya kikohozi.

Baadaye mwalimu aliniambia nimefanya kazi ya kiwango cha juu kabisa. Nilitamani kumtapikia. Nimechukua fomu ya kuacha masomo. Nimeijaza yote, imebaki sahihi tu. Siwezi kushika tepu. Nikiona namba iko mbele ya neno sentimita mikono inatetemeka. Kila mradi huku ni kumwandikia mtu wa mbali, mtu anayekuamini, umwambie fungua hiki, ondoa kile. Nani kaniambia nina haki hiyo?

Unaniomba nisimwambie mama. Umenibeba vya kutosha, mjomba. Nilipofika pale kwenye paka niliisoma mara moja tu, sikuweza kurudia. Wewe ulishika ule mwili. Wewe ndiye uliyezima mashine. Na bado unakula peke yako chumbani kwa kosa langu. Nimempigia mama mara mbili ili nimwambie. Ya kwanza aliniuliza nimekula nini, nikajibu, nikakata. Ya pili vile vile.

Kwa hiyo nimemwandikia. Barua yake iko humu ndani ya hii, kwenye bahasha ndogo. Nimemweleza yote, mpaka na kicheko cha baba. Mpe mkononi. Usipompa, nitakuja mwenyewe.

Mpwa wako


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kaa chini kwanza.

Mimi mzima. Mvua imenyesha siku mbili na bati la chumba changu linavuja pale pale juu ya mto, nimehamisha kitanda.

Barua yako sikumpa mama yako. Yeye ndiye aliyenipa mimi. Alikuja Jumapili mchana nikiwa na baiskeli ya mtu imepinduliwa miguu juu, akasimama mbele yangu. Paka hakuwepo. Alikuwa ameshika bahasha zote mbili, kubwa na ndogo, na zote zilikuwa wazi.

Akasema, "Hizi nimeshasoma."

Nikasema, "Dada, ngoja nikueleze..."

"Unieleze nini? Zote nimesoma. Zake na zako, tangu aende shule. Zinapofika dukani ni mimi nazichukua, na zako ni mimi nazipeleka posta. Nafungua kwa mvuke wa sufuria, nabandika kwa unga wa maji. Ungevaa miwani ungeona alama."

Mpwa wangu, nilikaa chini pale pale kwenye mafuta.

Nikamuuliza, "Na ile ya Septemba?"

"Niliisoma kabla yako. Mimi ndiye niliyekuletea, ukasahau? Nilisoma pale aliposema uache wazi. Nikabandika, nikakupa. Mimi najua nini kuhusu mikanda? Nilifurahi tu kwamba mwanangu anawaamuru."

"Kwa hiyo ulijua. Siku zote hizi."

"Nilijua kabla hajazikwa."

Nilikasirika, sikufichi. Miezi saba na ushei naongea na paka! Nikamwambia, "Sasa mimi ulikuwa unanichukia kwa kosa gani?" Nilipaza sauti mpaka mwenye baiskeli, aliyekuwa anakuja kuichukua, akageuza njia.

Hakupaza sauti yeye. Akasema, "Nilikuwa na hasira ya kuua mtu. Ningempa nani? Nimpe yule, yuko peke yake huko kwenye chumba kinachoangalia ukuta? Angekufa nayo. Wewe ni mdogo wangu. Nimekubeba mgongoni mpaka miguu yako inagusa chini. Nilijua utaibeba."

Halafu akasema hakutegemea kwamba utakuja kujua. Kila alipozisoma barua zako, ulivyokuwa unauliza uliza, alikuwa anaomba nikudanganye vizuri. Ile barua niliyokuandikia namba 12, aliisoma akaiona. Alikumbuka kwamba mwanzo ilikuwa 16. Alikaa nayo jikoni siku mbili akifikiria kuichoma, halafu akaipeleka posta kwa sababu aliona ukikosa jibu utakuja mwenyewe. Kwa hiyo hilo nalo amelibeba. Tuko watatu, kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake kitu ambacho wote tunakijua.

Nikamuuliza sasa tufanyeje. Akakaa kwenye kile kigoda changu kibovu, akalia. Sikuwa nimemwona akilia, hata msibani hakulia mbele za watu. Alilia akisema, "Alikuwa anafurahi. Kumbe alikuwa anafurahi." Kile kicheko cha siku ile alikuwa hakijui mpaka aliposoma barua yangu.

Tumekula pamoja jioni ile. Hatukuongea sana. Midomo imeshazoea kufungwa, inachukua muda kufunguka.

Kuhusu ile fomu ya kuacha masomo sikumuuliza, hilo ni langu na nakuambia mimi: usisaini. Unauliza nani kakupa haki ya kumwambia mtu wa mbali fungua hiki. Hakuna aliyekupa. Lakini wapo watakaowaambia watu wafungue bila kuogopa hata kidogo, na hao ndio watakaobaki huko ukiondoka wewe. Tetemeka, lakini pima.

Sasa lililo gumu. Najua simu ikilia hapo ulipo unaikimbilia ukidhani ni yeye. Mama yako hajakupigia wiki hizi mbili, na wewe usimpigie. Atapiga yeye siku akiweza. Si kwamba amekuacha. Ile hasira aliyokuwa ananipa mimi, sasa hana pa kuiweka, na anaogopa akisikia sauti yako itamtoka.

Jana usiku kabla sijaanza kuandika hii nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, maana safari hii sitaki kutunga salamu. Akasema, "Mwandikie kwamba nampenda. Usimwandikie kwamba nimemsamehe, kwa sababu bado."

Nimekuandikia kama alivyosema. Ameisoma hii yote kabla sijaifunga, na hakunifutisha hata neno.

Mjomba wako